Punda wa Mtunza Tovuti

Mtunza tovuti wetu hapa mjini Oruro hunywa uji wake wa mahindi ukishapoa, na huchapa kwa vidole viwili akiwa na glavu zilizokatwa ncha. Sauti haipandishi, hata kanivali ya ngoma za mashetani inapokaribia na kila mteja anamjia akihema, kama alivyomjia Don Nicasio, mtengenezaji wa vinyago vya mashetani. Duka moja la vinyago la mtandaoni lilikuwa likionyesha picha za vinyago vyake kwa kuzivuta moja kwa moja kutoka kwenye tovuti yake. Kila aliyezitazama huko alikula data ambayo Don Nicasio hulipia kila mwezi. Ikiisha, tovuti inazimika, na wachezaji ngoma wanaagiza vinyago kwingine. "Wazibie, dada! Wakiita picha yangu, atokee punda!" "Punda naye ni picha, mzee. Atakula data yako vilevile." "Kwa hiyo nife na hasira zangu?"

Mtunza tovuti aliandika amri chache, na seva ya tovuti ikaanza kukataa kila ombi la picha lililotoka duka lile. Mashetani wakatoweka kwenye ukurasa wao, zikabaki fremu tupu. Don Nicasio alishukuru kinyonge, akachukua kofia yake. Mtunza tovuti alizitazama zile fremu kwa muda. "Hebu kaa, mzee." Akachora punda wa rangi mbili, akampunguza, akampunguza tena, mpaka data anayokula ikawa karibu na bure, kisha akaiamuru seva imtoe huyo badala ya kukataa. Jioni ile duka lilikuwa linauza punda watupu, kila mmoja kwa bei ya shetani.