Shangazi na Maneno Matatu ya Ukutani

Shangazi yangu hakuwa mtu wa mabango. Alikuwa mkuu wa karakana ya miguu ya bandia, chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye harufu ya gundi na vumbi la plasta linaloingia hadi kwenye nyusi. Ukikutana naye jioni akitoka kazini ungedhani ametoka kusaga unga. Nilikaa kwake miaka yangu yote ya chuo, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia mezani kwake, na mengine nilisimuliwa na wenzake.

Kazi hiyo aliingia kwa sababu ya baba yake, yaani babu yangu. Mashine ya kupasua mbao ilimkata mguu akiwa bado na nguvu zake. Wakampa mguu wa bandia, ukamchubua. Aliporudi kulalamika, fundi akamwambia atauzoea tu. Babu hakuwa mtu wa kubishana na hospitali. Alirudi nyumbani, akausukumia mguu uvunguni mwa kitanda, akakaa kwenye kiti chake, na huo ukawa mwisho wa kutembea kwake. Shangazi alikuwa bado yuko shule. "Lile jibu ndilo lililomkalisha," aliwahi kuniambia, halafu akaendelea kumenya viazi kana kwamba hakusema kitu.

Sasa, mwaka mmoja makao makuu ya shirika lao yakaamua kwamba kila kituo kiwe na maadili yake ukutani. Likaletwa bango kubwa la buluu lenye maneno matatu: Utu, Ukweli, Uwajibikaji. Akaja pia mtaalamu wa mafunzo, akazungumza asubuhi nzima, akagawa fulana, akaondoka. Mafundi walizitumia zile fulana kufutia mikono.

Aliyechekesha zaidi ni fundi mkongwe wa pale, ambaye kila mtu alimwita Kinyozi. Jina hilo alilipata kwa jinsi alivyopiga msasa soketi, ule mfuko mgumu unaobeba kigutu cha mgonjwa, mpaka ikawa laini kama kichwa kilichonyolewa sasa hivi. Kinyozi alisimama mbele ya bango akalisoma kwa sauti, kisha akauliza, "Hawa ni mabinti wa Mkurugenzi au?"

Wakacheka hadi Shangazi naye akacheka. Lakini jioni alirudi nyumbani amenuna. Mkurugenzi wa kituo alikuwa amemwita na kumwambia ahakikishe maneno yale yanaishi pale karakanani.

"Neno linaishije?" aliniuliza huku akivua viatu. "Halili, halilali, halina hata pa kukaa."

Akaviweka viatu mlangoni, akaenda kuoga vumbi la plasta.

Kesho yake, wakati wa chai, aliwauliza wenzake swali moja tu: utu ukiwa hapa kwenye meza yako, unafanya nini? Watu wakaangalia vikombe vyao. Kinyozi akakohoa. Mwishowe aliyejibu ni dada wa plasta, binti mpole aliyekuwa na kazi ya kuchukua umbo la vigutu kwa kuvizungushia bandeji za plasta iliyolowa.

"Unapasha maji moto," alisema.

"Maji gani?"

"Ya plasta. Asubuhi maji ya bomba ni baridi sana. Nikimwekea mtu bandeji anaruka, anauma meno, halafu ananiomba samahani yeye. Kila siku naona, na kila siku naona aibu."

Siku hiyo hiyo wakanunua birika. Lilikuwa jambo dogo mno, lakini lilifungua midomo. Mmoja akasema tuweke pazia, maana watu wanavua suruali na mlango uko wazi. Mwingine akasema tuache kuwaita wagonjwa "goti la kulia" na "paja la jana" wakati wamekaa pale pale wanatusikia. Walipofika kwenye neno la ukweli, wakakubaliana kwamba mguu usipokuwa tayari, mtu aambiwe hauko tayari na kwa nini, si kuzungushwa kwa njoo kesho, njoo kesho, hali nauli inamwishia.

Neno la tatu liliwakwamisha. Kila mmoja alijua maana yake na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Mimi langu nimeshatimiza," Kinyozi akasema. "Kazi yangu haijawahi kurudi."

Ilikuwa kweli. Shangazi mwenyewe alifundishwa na Kinyozi kuchanganya plasta alipoanza kazi, na mpaka wakati huo alimwita kaka, ingawa ni yeye aliyekuwa mkuu wake. Kwa hiyo hakubishana naye. Neno la tatu likabaki ukutani na fremu yake.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha mshonaji akaanguka.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alipokuja mara ya kwanza alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mguu huo utaweza kukanyaga cherehani. Kinyozi akamtengenezea mguu kwa uangalifu, akaujaribisha mara nyingi kati ya zile nguzo mbili za kujishikia, akarekebisha pembe ya unyayo mpaka akaridhika. Mama wa watu aliondoka akitembea, na Kinyozi alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Wiki chache baadaye dada yake mdogo akauleta ule mguu karakanani ndani ya mfuko wa plastiki. Mshonaji alikuwa ameanguka kwenye ngazi za nyumba wanayokaa, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Dada yake alisema kwa unyonge, "Tunaomba mtuangalizie. Pengine aliuvaa vibaya. Yeye naye ana haraka sana, huwa namwambia."

Shangazi aliupeleka mguu mezani, akafungua kifuniko cha chini. Bolti inayoshika unyayo ilikuwa imelegea hadi unaweza kuizungusha kwa vidole. Hilo lingeweza kuwa na sababu nyingi. Lakini bolti hiyo, kabla ya mguu kutoka, hupakwa gundi maalumu ya kuzuia isifunguke, na gundi hiyo ikikauka huacha rangi kwenye nyuzi za bolti. Hapakuwa na rangi yoyote. Chuma kiling'aa kama kimetoka dukani.

Akamwita Kinyozi. Hakumwambia kitu, akamsogezea mguu tu. Kinyozi aliinama, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Kisha akarudi kwenye benchi lake na kushika msasa, lakini mkono haukusogea.

Mkurugenzi aliposikia alifunga mlango wa ofisi yake. Hakuwa mtu mbaya, Shangazi alikuwa akilisema hilo kila mara. Alikuwa na wafadhili wanaokuja kukagua, na shirika lililoweza kukifunga kituo kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Mpeni mguu mpya," alisema. "Mpeni na magongo. Lakini habari za gundi zibaki hapa hapa. Watu huwa wanachokonoa hivi vitu wenyewe, si unajua?"

"Huyu hakuchokonoa, bosi."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Na fundi anajua."

"Mama, nisikilize vizuri. Ukienda kusema, umekwenda peke yako. Mimi sitakuwa nyuma yako."

Shangazi akamwambia amesikia. Aliporudi karakanani watu walikuwa wameshaondoka, isipokuwa Kinyozi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Unataka niende nikapige magoti kwa yule mama," alisema.

"Sijasema hivyo, kaka."

"Nitaacha kazi kabla ya hapo. Umri huu wangu, nikajianike?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliitwa kwenye simu. Nilikuwa nimeshika chupa ya gundi mkononi. Niliporudi nikafunga kifuniko. Nakumbuka nilivyofunga kifuniko."

"Mimi nitakwenda kesho asubuhi," Shangazi alimjibu. "Nisipokwenda, lile bango nilishushe mimi mwenyewe, maana nitakuwa nimewadanganya ninyi wote. Wewe ukija, njoo. Usipokuja, sitakutaja. Nitasema ni sisi."

Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi, tulipofungua mlango, Kinyozi alikuwa amesimama nje amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kuendea msibani. Nilitakiwa kupita njia hiyo hiyo kwenda chuo, lakini Shangazi alinishika mkono akaniomba niende nao. Nadhani aliogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya hapo.

Mshonaji alikaa chumba cha juu. Tulipanda zile ngazi kimya, na Kinyozi alikuwa akizitazama moja moja. Ndani kulikuwa na kitanda, viti, na cherehani iliyofunikwa kwa shuka. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimekunjwa pembeni, vinangoja. Dada yake alitukaribisha, akafuta viti. Mshonaji alikuwa amekaa kitandani, mkono ndani ya plasta nzito, na kile kigutu amekifunika kwa kanga.

Shangazi alisalimia, akampa pole, na kabla hajaendelea Kinyozi akasema, "Mama, mimi ndiye niliyeufunga ule mguu."

"Nakukumbuka, fundi."

"Kuna gundi inayowekwa kwenye bolti ya chini. Sikuiweka. Nilisahau. Ndiyo maana ulilegea. Wewe hukukosea kitu."

Dada mtu aliacha kitambaa alichokuwa akifutia. Mshonaji alimtazama Kinyozi bila kupepesa, na alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Tangu siku ile najilaumu. Najiambia nilikanyaga vibaya. Najiambia nimepewa mguu mzuri nikauharibu kwa haraka zangu. Huyu mdogo wangu ananisema, nami namkubalia." Akamgeukia dada yake. "Umesikia?"

Dada yake alishika mdomo akaanza kulia.

"Samahani," Kinyozi alisema.

"Nimekusikia. Sasa mkono huu unanishonea nini?"

Shangazi alimweleza kwamba ana haki ya kudai, akamwambia aende kwa nani na aseme nini, na kwamba yeye mwenyewe atathibitisha kila neno. Mshonaji alisikiliza, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akasema, "Asanteni kwa kuniambia. Nendeni sasa. Nataka kukaa peke yangu."

Kwenye ngazi, wakati wa kushuka, Kinyozi alishika ukuta kama mtu mwenye kizunguzungu. Shangazi hakumfariji. Alimngoja tu mpaka akaweza kushuka.

Mshonaji alidai, na shirika likalazimika kumtibu na kumsaidia kwa muda ambao hakuweza kufanya kazi. Alitengenezewa mguu mwingine, lakini alikataa katakata usiguswe na Kinyozi. Alipokuja kujaribishwa, Kinyozi alitoka nje akakaa kwenye benchi la bustani mpaka alipoondoka. Mkono ulipona nusunusu. Hakurudia kushona nguo nzima. Alibaki kukata vitambaa na kuelekeza, na mdogo wake ndiye aliyekaa kwenye cherehani.

Shangazi naye aliondolewa ukuu. Barua ilisema ni mabadiliko ya kawaida ya uongozi. Alirudi kwenye benchi kama fundi wa kawaida, mshahara ukapungua, na nyumbani tukaanza kuzima taa mapema. Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia wenzake wangegoma, wangesema kitu.

"Wamesema," alinijibu. "Hukuwasikia tu."

Alimaanisha jambo lililotokea Jumatatu baada ya safari ile. Kinyozi alimaliza mguu wa kijana mmoja wa bodaboda, akaubeba kwa mikono miwili, akavuka chumba chote mpaka kwa dada wa plasta, mdogo kuliko wote pale, akauweka mbele yake.

"Nikagulie," alisema.

Binti wa watu alishtuka. "Mimi, baba?"

"Wewe. Anza na bolti ya chini. Ukikuta tatizo, nirudishie."

Akakagua. Akamwonyesha ukingo wa soketi uliokuwa na ncha kali. Kinyozi hakujitetea. Alirudi nao kwenye msasa. Tangu siku hiyo hakuna mguu uliotoka mlango ule bila mkono wa pili kuupitia, na hakuna aliyelazimishwa. Walipokosea, walisema wakati wa chai, mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya kuomba sukari. Mwanzoni iliwauma. Baadaye ikawa mazungumzo ya kazi.

Shangazi alistaafu kutoka kwenye benchi lile lile. Ukuu hakurudishiwa, na nafikiri aliacha kuutaka. Siku hizi magoti yake yanamsumbua, hatoki sana. Kinyozi, naye mstaafu, humtembelea baadhi ya Jumapili, wanakaa barazani wanakunywa chai na kusikiliza redio. Juzi alimletea habari kwamba mkuu mpya amefuta ule ukaguzi wa pili, eti unachelewesha kazi na watu ni wachache.

Shangazi aliteremsha sauti ya redio. "Nao wamefanyaje?"

"Wamekubali," Kinyozi alisema. "Sasa wanakagua wakati wa mapumziko yao. Wanabeba miguu mpaka mezani pa chai, wanapasiana. Chai inapoa, ananiambia yule binti wa plasta."

Shangazi akaniita kutoka jikoni, akaniambia niwapashie maji mengine ya chai.