Bibi Aliyekataa Merikani

Mimi harufu ya nguo mpya, ile ambayo haijaingia majini, hunimaliza. Mwezi uliopita tulikwenda Rexdale, hapa Kanada, mimi na mjukuu wangu Salma, kwa Mhindi mmoja anayeuza vitambaa kwa mita. Mwalimu wa darasa la Salma alikuwa amewaagiza washone gunia refu kama lile ambalo watumwa wa Marekani walikuwa wakiliburuta shambani wakichuma pamba. Mhindi akafunua jora la pamba isiyopaushwa. Wanga na vumbi lake vikanipanda puani, nikaomba kiti.

"Bibi, una nini?" Salma akaniuliza kwa Kiingereza chake.

Nilikuwa nimeshafika Ujiji ya utoto wangu. Nilimwona Bibi yangu, mama yake Baba, amekaa kizingitini, ameuziba mlango kwa miguu yake.

Sisi nguo ile tuliiita merikani. Nzito, rangi ya maziwa yaliyolala, ina vipunje vyeusi vya mbegu. Wazima waliivaa na wafu walizikwa nayo. Nilipofikia umri wa shule Baba alinunua merikani nishonewe gauni kama watoto wote, na Bibi akakataa isivuke mlango.

"Hiyo hailali ninamolala mimi."

"Mama, ni nguo tu."

"Kama ni nguo tu, irudishe."

Baba alikuwa mtu wa kupasua magogo, lakini mbele ya mama yake alikuwa uji. Akairudisha. Bibi akachukua kanga yake, akaikata kwa kisu, akanishonea gauni kwa mkono. Kanga yenyewe ilikuwa ya majogoo. Jogoo mmoja akanikaa kifuani, mwingine matakoni.

Watoto hawana huruma, wenzangu, tusidanganyane. "Wika basi, tujue kumekucha," waliniambia kila asubuhi. Mmoja alikuja na mtama mfukoni, akanimwagia miguuni. Wanafunzi wote kwa merikani zao weupe kama safu ya meno, na mimi peke yangu na majogoo yangu. Nikaweka kinyongo, nikakilisha, kikanona.

Nililala na Bibi kitanda kimoja. Alinuka ugoro na mafuta ya mawese, na mpaka leo hakuna mto wa Kanada unaonilaza kama mkono wake. Alasiri moja namkanda miguu, akasema, "Mke mwenzangu, unanichukia kwa ajili ya gauni."

Nikahamia mguu wa pili.

"Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Manyema. Njaa ikaingia. Mjomba wake akapewa merikani, akamwambia, nenda na wageni hawa ukawachotee maji. Mama akageuka nyuma, akamwona mjomba anajipima nguo begani. Ndiyo mara ya mwisho kuona mtu wa kwao." Akavuta pumzi. "Siku nikifa, wasinivishe kitu hicho. Bafta yangu ya sanda imo chini kabisa ya sanduku. Nimekuambia wewe."

Nikasema naam, huku nikimkanda kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Masika hayakwisha, Bibi akafa. Nyumba ikajaa wanawake. Shangazi, dada yake Baba, akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Mwajuma, wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye. Alikuachia neno lolote?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Hapana, Shangazi."

Mtu akatumwa dukani. Nilikuwa uani niliposikia merikani inapasuliwa ndani. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Mpasuko wa kwanza, nikasema moyoni, bado naweza kuingia. Wa pili, bado. Niliisikiliza yote mitano nimesimama palepale, mdomo nimeufunga.

Baada ya hitima Shangazi akafungua sanduku, akaikuta ile bafta, nyeupe, laini, imekunjwa na karafuu. "Masikini Mama, alijiwekea na hakutuambia," akasema. Kisha kwa huruma yake akaipeleka kwa fundi cherehani, nikashonewa gauni la shule. Zuri kuliko ya watoto wote. Hakuna aliyeniambia wika tena. Karafuu ilininukia mwilini wiki nyingi, nami nikaingia darasani kila siku nimevaa sanda ya Bibi yangu.

Siku ile ya dukani, tulipopanda kwetu ghorofa ya tisa, Salma alinisomea somo lake huku mimi nashona gunia. Wamarekani wale walimkasirikia mfalme wao kwa sababu ya kodi, wakamwaga chai baharini, chai nzima nzima, jamani. Wakapigana naye, wakaandika kwamba watu wote ni sawa, na mashambani wakabaki na watu waliowanunua, mpaka wakaja kuuana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya jambo hilo. Halafu akasoma kwamba pamba ya watumwa ilifumwa kulekule kwao, ikapakiwa melini hadi Unguja, ikapanda bara, ikabadilishwa na pembe za ndovu na watu.

"Nguo yenyewe iliitwa merikani, Bibi," akasema.

Sindano ikasimama. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hapo sikuhitaji mwalimu. Mwanamke mmoja aliinama kule akachuma pamba huku akichapwa fimbo, na kazi ya vidole vyake ikavuka bahari ikaja kumchukua mtoto Manyema. Bibi hakuijua Amerika. Aliijua nguo, na alijua kwamba mama yake aliondolewa kwao kwa nguo hiyo. Na mimi, kwa ajili ya majogoo, nikamzika ndani yake.

Nilimweleza Salma yote, kwa Kiswahili, taratibu. Akasema nilikuwa mtoto tu. Ni kweli, na ana akili huyu, najivunia. Lakini watu wakisikia mzee anakumbuka utoto wake hudhani anatamani kukimbia tena. Mimi mbio sizitaki. Natamani Shangazi anivute pembeni mara moja tu, na macho yake mekundu, aniulize tena.