Samaki wa Ijumaa

Verlene Tuggle aliijua sauti ya kila droo katika nyumba yake mjini Macon, Marekani. Siku hiyo Amaris, binti yake wa miaka kumi na saba, alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha kupeleka chuoni. Droo ya chini ilifunguliwa, kisha kukawa kimya. Kisu cha mboga kikamsimama Verlene mkononi.

Amaris alitokea na karatasi ya bei ya wakala ambaye Verlene na mumewe walimwasili kupitia kwake.

"Mweupe, dola elfu thelathini. Chotara, ishirini na mbili. Mweusi, kumi na tano." Akainua macho. "Mama, kumbe nilikuwa wa punguzo? Kama viatu vya mwisho wa msimu?"

Kwa miaka yote hiyo Verlene alikuwa akiliogopa swali hilo. Akavuta kiti.

"Tulitaka mtoto mweusi kama sisi. Hiyo karatasi ilitufikia baadaye, pamoja na hati zako. Walitutajia elfu thelathini, nasi tukaanza kukusanya. Akina mama wa kanisani wakauza samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Kisha dada mmoja wa ofisi ya wakala akanipigia: 'Habari njema, kwenu ni nusu.' Na mimi, mwanangu, nikasema asante. Nilifurahi. Furaha hiyo inaniuma hadi leo."

Amaris aliiweka karatasi mezani.

"Nikamwambia Mama Ozella, aliyewaongoza wale akina mama, tuache kukaanga, hela imetosha. Unamjua alivyo. Akashika kiuno: 'Nusu? Amepungua nini, mguu? Verlene, Ijumaa nataka mafuta jikoni saa nne!' Wakakaanga miaka mitano mingine, mpaka elfu thelathini ikatimia. Wewe ukiwa humo humo, unagawa mikate."

Verlene akatoa kitabu cha benki chini ya vitambaa vya meza. Jalada lilikuwa na jina la Amaris, na ndani mlikuwa na ile nusu ya pili, haijaguswa, ya kumsomesha.

Binti alikifungua, akasoma kiasi kilichoandikwa. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Mlinidanganya! Mlisema hela za samaki ni za paa la kanisa."

"Na paa linavuja mpaka leo," alisema Verlene.

Amaris alikunja ile karatasi, akaitia ndani ya kitabu, akachukua funguo za gari.

"Vaa viatu, Mama. Twende kwa Mama Ozella. Nataka nimshukuru angali anasikia."

"Sema kwa sauti, basi. Sikio la kushoto limeshakufa."