Kifua cha Kwetu

Kwetu Langas, mtaani Eldoret, TB ilichukuliwa kama pua ya ukoo: unazaliwa nayo, basi. Ilimchukua Babu, ikamchukua Baba, na ndugu yangu mdogo alipoanza kukohoa, majirani wakatikisa vichwa, wakasema ni yao hiyo. Kinga yetu ilikuwa moja tu, kufunga madirisha. Baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba mnaijua. Mama aliziba kila mwanya kwa matambara, maana kifua hakipendi baridi, halafu sote tukajibana chumba kimoja, mgonjwa katikati, ndio apate joto.

Kliniki mimi ndiye niliyempeleka, kwa hivyo niliyasikia kwa masikio yangu. Daktari alituambia inawezekana kuna kitu tumerithi. Watu wawili wanaweza kuvuta hewa moja yenye vijidudu, mmoja mwili wake ukavishinda, mwingine akaugua, na wakati mwingine tofauti iko kwenye damu ya ukoo. Lakini TB yenyewe hairithiwi, alisema. Mnaambukizana kwa hewa, na mkijifungia ndani ndiyo mbaya zaidi. Na dawa haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Ndugu yangu alisikia damu, akaishia hapo. Alipopata nguvu kidogo akaacha vidonge. Akampa jirani buti zake za kazi, ati hatazihitaji, ya nini kusumbuana na kitu kiko kwenye damu? Mama akalia, akaongeza matambara. Mimi, aki ya Mungu, nilikasirika. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sawa, lakini hilo lilikuwa sikio la ndugu yangu, na nimelivuta tangu akiwa mtoto.

Nilienda kwa jirani nikarudisha buti. Halafu nikang'oa matambara yote, nikafungua madirisha, baridi ikaingia. Mama akasimama mbele yangu, akasema nataka kumuulia mtoto.

"Baba tulimfunika vizuri, Mama," nikamwambia. "Na Babu pia. Baba aliipata kwa Babu, humu humu ndani."

Mama alikaa kitandani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ni mimi niliwamaliza?"

Hilo sikulitarajia. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, nikamwambia hapana, hakuna aliyekuwa ametueleza, na yeye aliwatunza kwa alichojua. Lakini huyu bado tunaye, nikasema.

Ndugu yangu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anatuangalia. Mama aliinuka, akalivuta lile blanketi.

"Amka twende kliniki," akamwambia. "Tutawaambia uliacha dawa, na wakikuanzisha upya utameza mbele yangu kila siku. Wale wawili niliwazika nikiwa sijui. Wewe sitakuzika nikijua."

Na alimeza, mbele yake, mpaka dawa zikaisha.