Dole Gumba la Mama Kwenye Ripoti Yangu

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje maana watanijua. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, naishi Kiseke, sijaolewa. Nilisomea mambo ya mazingira chuoni, nikakaa nyumbani miaka mitatu nikiuza maandazi, mpaka ofisi moja ndogo hapa mjini Mwanza iliponichukua. Kazi yetu ni kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Mtu akitaka kujenga kiwanda, inatakiwa kwanza ijulikane kitaharibu nini, kitamuumiza nani, na hayo madhara yatazuiwaje. Hiyo hufanyika kabla ya kuchimba msingi, na wanaoishi pale lazima wasikilizwe. Wakati mwingine jibu ni kajenge kwingine, au usijenge kabisa. Haya nayajua kama Baba Yetu, ndiyo maana sina wa kumsingizia.

Kuna mwekezaji alitaka kujenga kiwanda cha ngozi ufukweni, upande wa Misungwi, kijiji kilekile anachoishi mama yangu. Bosi akanipa mimi kazi ya kukusanya maoni kwa sababu najua Kisukuma. Nilifurahi mno. Mama naye alipita nyumba kwa nyumba akiita watu, "Njooni mkutanoni, mwanangu amekuja kuandika shida zetu." Watu wakajaa uwanja wa shule.

Waliongea vizuri, jamani. Mama Kulwa, jirani yetu anayeanika dagaa, alisimama akauliza, "Hayo maji ya kuoshea ngozi, na madawa yake, yatakwenda wapi? Sisi bomba letu ndilo hili ziwa." Mzee mmoja akasema hawakatai kiwanda, vijana wanataka kazi, ila kijengwe kule juu karibu na barabara ambako hakuna anayechota maji. Nikaandika yote kwenye daftari langu, neno kwa neno. Mwishoni nikazungusha karatasi ya mahudhurio, maana kwetu mkutano hauishi bila mahudhurio, na soda hupati mpaka usaini. Mama hajui kusoma. Alikuwa wa kwanza kubonyeza dole gumba, akawaonyesha wenzake wino kidoleni huku akicheka.

Ofisini bosi alisoma rasimu yangu akavua miwani. "Umeandika nini hapa? Mteja ameshanunua kiwanja, ameshaweka na uzio. Hilo eneo lingine linatoka wapi?" Nikamwambia, bosi, lakini watu wanachota maji palepale. Akasema, "Andika kutakuwa na mtambo wa kusafisha maji. Na andika wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili. Kesho asubuhi iondoke." Ndugu zangu, nilikaa kwenye kompyuta nikaandika. Hakuna aliyenishika mkono. Niliogopa kurudi kwenye maandazi. Halafu ile karatasi ya mahudhurio nikaiambatanisha nyuma ya ripoti, iwe ushahidi kwamba wananchi wamekubali. Watu walisaini kwamba wamekuja, mimi nikageuza ikawa wamekubali.

Kiwanda sasa kinafanya kazi. Mtambo wa kusafisha maji sijauona, nimeona bomba tu, limeelekea ziwani. Maji ya pale yamekuwa kama chai ya rangi, na harufu yake haitoki kwenye nguo. Dagaa wa Mama Kulwa hawanunuliki. Watoto wanajikuna usiku kucha. Mama yangu na magoti yake mabovu anakwenda kuchota nyuma ya kilima.

Wanakijiji walilalamika. Maofisa wakaja na ripoti mkononi, wakasema, "Mbona mlikubali wenyewe? Hizi saini si zenu?" Wakafungua ukurasa, na la kwanza kabisa pale juu ni dole la mama. Tangu hapo kijiji hakina amani. Wengi wanasema mwenyekiti ndiye aliyewauza. Mkewe alipofiwa, waliokwenda msibani walihesabika. Mwenyekiti wa watu hana kosa lolote! Wengine wananitaja mimi, na mama akasimama kanisani mbele ya wote akasema, "Mwanangu niliyemzaa mimi hawezi kuandika kitu ambacho hamkusema. Hiyo ripoti wameibadilisha hukohuko mjini."

Juzi alinipigia simu. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wakaguzi wengine wanakuja Alhamisi. Nimewaambia watu utakuja na daftari lako, uwasomee tulichosema siku ile. Bado unalo?"

Nikasema ninalo. Alimshukuru Mungu mpaka nikaanza kulia, nikakata simu, baadaye nikamdanganya kwamba chaji iliisha.

Ninalo kweli, liko chini ya godoro. Nikilipeleka, litaonyesha kwamba watu walikataa eneo lile na wakatoa na njia nyingine, pengine lile bomba litafungwa. Ila mkaguzi atauliza swali moja tu: sasa ripoti aliandika nani? Nitafukuzwa kazi, labda na kushtakiwa, hayo nitayabeba. Ninachoshindwa ni uso wa mama akilisikia jibu. Bosi naye amenusa, jana kasema, "Madaftari ya zamani yachomwe, yanajaza nafasi." Nimeshika kiberiti mara mbili, nimekirudisha.

Sitaki mnihurumie, nitukaneni mkitaka, ila mniambie nifanye nini, maana sili, silali. Leo asubuhi mama kapiga tena. Wenzake wa kanisani wamemwandikia barua ya kunitetea mbele ya wakaguzi, inasema mimi niliandika ukweli mtupu. Alhamisi ni keshokutwa. Ananiuliza kama aibonyeze dole kabisa sasa hivi, au anisubiri nifike nimsomee kwanza.