Siku ya Themanini

Basi liliharibika kabla ya kufika mji wa Dese, na Mulugeta, ambaye koti lake lilikuwa limechanika kwapani, akaelekezwa kwa fundi cherehani wa kijiji cha karibu asichokijua. Fundi alianza kushona. Kila baada ya mishono michache alijipapasa shingoni, mahali ambapo majirani zake wote huvaa uzi mweusi wa ubatizo. Yeye alishaukata. Kando ya cherehani palikuwa na sanda fupi, na katika chumba cha ndani mwanamke alikuwa akilia.

Padri akasimama mlangoni. "Wazee wa kanisa wamekataa, mwanangu. Mtoto hawezi kuzikwa kanisani. Hakubatizwa."

"Ana miezi minne, Abba."

"Wasichana tunawabatiza siku ya themanini tangu kuzaliwa. Nilikuja hapa mwenyewe, ukanifukuza hata kahawa sijaimaliza."

"Nilitaka achague mwenyewe akikua." Fundi hakuinua kichwa. "Aliyeacha dini ni mimi. Yeye hakuacha chochote." Mulugeta akausitiri uzi wake mweusi kwa ukosi wa shati. "Nikiuvaa tena leo," fundi akauliza, "mtampokea?"

"Uzi ungemfaa yeye, si wewe."

Fundi alimaliza kwapa, akalikung'uta koti, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Kisha akaichukua sanda na kuingia ndani. Alipotoka alikuwa amempakata mwanawe, jembe begani, akashika njia ya korongoni. Padri alimpisha mlangoni. Mulugeta alibaki ameketi, asijue kama anaruhusiwa kuinuka.