Mume Wangu Aliniacha Mbele ya Kamera, na Hataki Kusema Alikuwa Anaigiza

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, mama wa watoto wanne. Mhariri wa ukurasa huu analijua jina langu na ameahidi kulificha, ingawa wenye televisheni watanitambua kabla hawajafika nusu ya barua. Na wanitambue.

Nimeigiza tangu nikiwa msichana. Nilianza katika ukumbi wa mtaa, pazia letu likiwa shuka mbili za mama, nikaingia redioni, kisha televisheni. Nimepita hata katika sinema ya wageni, mara mbili, na mzigo wa kuni kichwani bila kusema neno, mimi ambaye nikisimama jukwaani watu wa nyuma hawaulizi nimesemaje. Mume wangu nilimpata hukohuko jukwaani. Nitamwita Baba Salma, na hilo si jina la mtoto wetu. Siku za kazi yuko kiwandani Baba Dogo, Jumamosi anaigiza. Tumeoana miaka kumi na tisa, na mwelekezi wetu hupenda kutupa nafasi za mume na mke. Anasema tunajua kugombana.

Miezi mitatu iliyopita tulirekodi mchezo ambamo mume anamwacha mkewe. Maandishi yalimpa neno moja tu, 'Nimekuacha,' nami niangukie kitini. Mara ya kwanza alilisema, taa ikazimika. Mwelekezi akasema turudie. Mara ya pili alilisema kwa sauti ya chini mno.

'Bwana, unamwacha mke au unamwomba chumvi?' mwelekezi akamwuliza. 'Rudia.'

Tukacheka sote. Mara ya tatu Baba Salma alinitazama usoni, akaita jina langu mimi, si jina la mke wa mchezoni, akasema, 'Nimekuacha.' Nilianguka kitini bila kukumbuka kwamba nilitakiwa kuanguka. Mwelekezi alifurahi hata jina hakulisikia. Ndiyo waliyoirusha hewani.

Kosa langu ni mdomo. Siku ileile nilirudi nyumbani nikakisimulia kisa hicho uani kama kichekesho, kwamba leo nimeachwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Wanawake walicheka. Mchezo ulipoonyeshwa, wakasikia jina langu kwa masikio yao, na kicheko kikakatika. Kesho yake jirani yangu Mama Rukia alinikuta jikoni.

'Shoga, hizo chapati unampikia mume wa nani?'

'Wangu.'

'Wako yupi? Talaka tatu zimetimia, umezihesabu mwenyewe.'

Niliwaka. Niliwauliza uani pale: mwaka jana nilikufa kwa sumu katika mchezo, na nyote mlitazama, nani alinisomea hitima? Aliyeninywesha hiyo sumu amefungwa jela gani? Wanaume wa mtaa huu humtaja Mungu kwa uongo kutwa, wakiuza na wakinunua, na hakuna anayewashika maneno. Lakini neno la mchezo limegeuka sheria mara moja, kwa kuwa limemwangukia mwanamke. Walianza tu kuniita kwa jina langu, wakaacha kuniita Mama Salma.

Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

'Mama, mmoja atakwambia talaka haina mzaha. Mwingine atakwambia mwigizaji husema maneno ya mwenzake. Mimi namtaka aliyesema, maana alitaja jina lako. Mlete aniambie hakukusudia, yaishe.'

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Baba Salma akasema atakwenda Ijumaa. Ijumaa hiyo kiwandani walimzuia. Iliyofuata kichwa kilimuuma. Ijumaa ya nne nilimwuliza akiwa mezani.

'Baba Salma, ulikusudia?'

Aliosha mkono polepole. 'Niliambiwa nirudie, nikarudia.'

'Na jina langu? Liliandikwa wapi?'

Akainuka mezani, akachukua mto wake. Tangu hapo analala chumba cha wavulana. Anakula ninachopika, ananisalimu, shati lake ananiletea nifue. Haniachi, wala haniweki.

Nikienda kwa kaka yangu, nitakuwa nimejiacha mwenyewe, na watu watasema huyo alijua kuwa ameachwa. Nikibaki, ni mke mbele ya sufuria na hawara mbele ya majirani. Hata eda sikai, kwa sababu eda ni ya aliyeachwa, nami sijui kama nimeachwa. Na kama niliachwa, basi eda yangu inamalizikia jikoni kwake.

Wiki iliyopita mwelekezi alituletea maandishi ya mchezo unaofuata. Mume anajuta, anamfuata mkewe, anamwambia, 'Nimekurejea.' Najua neno la mchezoni halitanitengenezea ndoa. Nimelipigania hilo mtaa mzima. Lakini moyo wangu ulilirukia kama mwenye njaa. Baba Salma aliyasoma yale maandishi akiwa amesimama, akayakunja, akayarudisha.

'Andika mwanamke amefunga sanduku amerudi kwao,' akamwambia mwelekezi. 'Hilo jingine silisemi.'

Mwelekezi akamsifu. Alidhani ni fundi anayeulinda mchezo usiharibike. Ameshaubadilisha, na tunarekodi mwisho wa mwezi. Ni mimi nitakayelibeba sanduku hilo nitoke mlangoni, yeye akinitazama.

Wasomaji, mimi ni mgomvi, nimezoea kuwajibu watu, lakini kwa hili sina jibu. Nilibebe sanduku hilo mbele ya kamera kisha nirudi kumpikia, au nitie nguo zangu za kweli ndani yake, na nikishatoka nisirudi tena? Wenye kujua dini, na wenye kujua wanaume, niambieni la kufanya kabla ya mwezi kwisha.